Filamu mbovu kuliko zote: mbovu kwa kipimo gani?

Karafuu_Wete aliuliza:

Assalaam aleykum wanabaraza.

Nina darasa la vijana kumi na wawili hapa Wete, wiki sita, wanajifunza kutengeneza filamu fupi kwa simu. Wiki ya pili nataka kuwaonesha filamu mbovu. Filamu nzuri inaficha mishono yake. Mbovu ni kama kanzu iliyovaliwa nje-ndani, kila uzi unauona.

Orodha yangu mpaka sasa: Plan 9 from Outer Space, Manos: The Hands of Fate, Birdemic, Who Killed Captain Alex? na Cats. Kila moja nitaikata kipande cha dakika kumi.

Nibishieni. Lakini "sikuipenda" na "iliniudhi" bakini nazo. Nataka kosa lenyewe, limeingiaje, na kijana mwenye simu moja na taa moja alizuie vipi. Na kama ipo mbovu kuliko hizi, itajeni.

---

Balkoni_ya_Vuga:

Waaleykum salaam, Maalim. Nakubishia na chai sijaimaliza: Captain Alex itoe humo.

Filamu ile imetengenezwa Wakaliga, mtaa wa watu wa chini pale Kampala, ikatoka 2010, na bajeti inayotajwa haipindukii dola 200. Mwongozaji wake, Nabwana I.G.G., kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri chakavu, bunduki ni za mbao na vyuma vya kuokoteza, helikopta imechorwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Sasa itazame kwa jicho la fundi. Katika mapigano ngumi inatoka, kamera ipo upande wa kuificha nafasi baina ya ngumi na shavu, inakatwa pale inapofika, mlio wa pigo upo. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Helikopta ni mbovu, sawa, lakini helikopta peke yake si filamu.

Na juu yake kuna VJ Emmie, anayezungumza juu ya picha mwanzo mpaka mwisho, anasifu, anakejeli, anatangaza. Mzungu akiisikia anadhani ni kichekesho kimebandikwa. Sie tuliozoea picha za nje zikitafsiriwa kwa sauti ya msimuliaji Lufufu tunajua kuwa hiyo ni sanaa yenye kanuni zake: msimuliaji anajaza pale ambapo picha imenyamaza.

Kama lazima uioneshe, ioneshe kwa kosa moja tu la kweli: toleo lisilo na sauti ya VJ halipo tena. Kompyuta ilikuwa haina nafasi, faili likafutwa ili filamu nyingine ipate pa kukaa. Hilo ndilo somo la vijana wako: nakala mbili, kwenye diski mbili, katika nyumba mbili. Flashi moja mfukoni tusiihesabu kuwa ni nakala.

Kipimo changu ni hiki: ubovu ni umbali baina ya alichokuwa nacho mtu na alichokitoa. Kwa kipimo hicho kiti cha mbele anakaa Battlefield Earth ya 2000. Zimeingia zaidi ya dola milioni 70, na mauzo ya dunia nzima hayakufika milioni 30. Mwongozaji, Roger Christian, hakuwa mwanafunzi. Ana Oscar ya upambaji wa seti kwa Star Wars. Huyo ndiye aliyeamua kamera ilazwe upande karibu katika kila shoti, ati ifanane na kitabu cha katuni.

Kamera ikilala, mtazamaji anaambiwa kuwa hapa pana jambo limekwenda mrama. Ni kama ndimu kwenye urojo. Ukiikamua kiasi inaamsha. Ukimwaga bakuli zima la ndimu huna tena urojo. Mtu anafungua mlango, kamera imelala. Mtu anakula, imelala. Ikifika hatari yenyewe, mwongozaji hana tena cha kufanya na kamera yake. Ndiyo maana ilizoa tuzo za Razzie, zile za kejeli kwa filamu mbovu, na baadaye ikapewa ya filamu mbovu ya muongo mzima.

Kwa darasa lako: kila kijana awashe mistari ya gridi kwenye simu, alinganishe upeo wa bahari au ukingo wa ukuta na mstari wa gridi. Ruhusa ya kulaza kamera ni mara moja kwa filamu ya dakika tano, na sababu yake iandikwe kwenye skripti kwa sentensi moja. Akishindwa kuiandika, kamera inanyooka.

---

Dirisha_Kati:

Balkoni, kipimo chako cha pesa kinapendeza barazani, darasani hakifai. Mtazamaji haoni risiti. Anaona kilichopo kwenye kitambaa. Na Razzie usizilete hapa kama hakimu: hizo zilianza 1981, na katika mwaka wao wa kwanza walimweka Stanley Kubrick kwenye orodha ya waongozaji wabovu kwa ajili ya The Shining. Ukimfuata hakimu wa namna hiyo utafika pabaya.

Mie nasema Manos ibaki, tena iwe ya kwanza. Haishindwi kwa ubovu, na kila kosa lake lina mzazi unayeweza kumnyooshea kidole.

Harold P. Warren, aliyeitengeneza, alikuwa muuza mbolea wa El Paso, Texas. 1966, dola 19,000. Kamera yake ni ya milimita 16, ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani: ukiijaza inakwenda sekunde 32, halafu kimya. Sauti haishiki kabisa. Basi makosa mengi ya filamu ile yametoka kwenye sentensi hiyo moja. Sekunde 32 zinatosha kabisa kwa mtu aliyejipanga. Yeye amepanga mazungumzo marefu kama vile ana kamera isiyokata, na mhariri amebaki na vipande visivyoshikana; ndiyo maana watu wanaangaliana tu, wanasubiri zamu ya kusema kama wapo foleni ya maji. Mwenye sekunde 32 aandike shoti za sekunde nane. Hasa vijana wenye simu zinazojaa: andikeni kwa kadiri ya chombo mlichonacho.

Sauti zote zimeingizwa baadaye, na watu wachache tu wamegawana waigizaji wote. Mtoto mdogo wa kike anafungua mdomo na inatoka sauti ya mwanamke mzima. Ukiwaonesha hicho kipande huna haja ya kufundisha kitu.

Halafu usiku. Wana taa kali karibu na kamera, na nondo wote wa Texas wamekuja kutoa heshima zao mbele ya lenzi. Kuna polisi wawili wanasikia mlio wa bunduki, wanashuka garini, wanapiga hatua chache, wanatazama gizani, wanarudi garini. Sababu si woga. Mwanga ulikuwa hauendi zaidi ya hapo.

Wadudu wa Pemba nao hawana adabu, kwa hiyo lichukue hili kwa vitendo. Taa isikae pamoja na kamera; isogeze mita tatu au nne pembeni na uipandishe juu ya vichwa. Tumia yenye mwanga wa manjano, nyeupe kali ndiyo inayowaita. Kisha weka taa ya pili yenye nguvu zaidi mita kumi nje ya fremu, kama karabai ya wavuvi wa dagaa, wadudu wahamie huko. Na kabla mwigizaji hajaingia, mtu atembee kutoka kwenye taa kwenda gizani huku simu inarikodi. Pale uso unapopotea, weka jiwe. Hakuna kitendo nyuma ya jiwe.

Kuhusu Cats: ibaki, lakini si kwa sababu ya manyoya kama kila mtu anavyosema. Mwongozaji wake, Tom Hooper, aliipeleka sinema Desemba 2019 haijaiva. Katika toleo la kwanza kuna mahali mkono wa Judi Dench unaonekana mkono wa binadamu, na pete yake kidoleni. Filamu iko tayari kwenye majumba, studio ikapeleka toleo lililorekebishwa. Hebu fikiri: bajeti ya makumi ya mamilioni, na tarehe ya tangazo ndiyo iliyokuwa mwongozaji. Kosa la pili ni ukubwa. Paka katika shoti moja ni mdogo kama paka, katika nyingine ni mkubwa kuliko kiti. Hakuna aliyechukua kipimo kimoja akakibandika ukutani. Vijana wakitaka kuchanganya picha mbili kwenye programu, wachague kitu kimoja chenye urefu unaojulikana, tuseme mlango wa mita mbili, na kila kitu kingine kipimwe kwa huo mlango.

---

Kiti_cha_Nyuma:

Yote hayo ni maneno. Filamu mbovu ni ile inayochosha. Plan 9 hainichoshi, Captain Alex hainichoshi. Nitajieni Bongo muvi ya zamani ambayo gari halipigi honi getini, mlinzi hafungui geti taratibu, gari haliingii, mtu hashuki, haendi mlangoni, hagongi, hafunguliwi, halafu ndiyo aseme "shikamoo". Piga saa. Kisha inaandikwa "usikose sehemu ya pili".

---

Balkoni_ya_Vuga:

Kiti, kosa hilo halikuanzia kwa mwongozaji. Lilianzia kwenye soko. Zama zile filamu iliuzwa kwa diski, na sehemu ya kwanza na ya pili zilikuwa diski mbili, bei mbili. Hadithi ya dakika 70 ikavutwa mpaka ijaze dakika 120 au zaidi. Geti ndiyo mpira wa kuvutia. Ukitaka ushahidi, chukua yoyote kati ya hizo, iweke kwenye kompyuta, futa kila shoti ambayo mtu anahama kutoka mahali kwenda mahali bila ya kutokea jambo. Mara nyingi hadithi haipotezi hata neno moja.

Maalim, hilo lifanye zoezi. Uwape vijana kipande cha dakika sita, warudishe cha dakika mbili, mtazamaji asiulize "huyu amefikaje hapa?" Anayeuliza, wamekata sana. Asiyeuliza lakini anatazama simu yake, hawajakata vya kutosha.

---

Sikio_la_Malindi:

Nyote mnazungumza macho. Mtu anavumilia picha mbaya saa nzima. Sauti mbaya dakika tano ameondoka.

Kwa hiyo Birdemic, tena dakika za mwanzo, kabla ndege hawajaja. Kila mtu anawacheka wale ndege wa kompyuta wanaoning'inia hewani wakipigapiga mbawa mahali pamoja, na watu wanaowafukuza kwa hanga za nguo. Mie mwambie kijana afumbe macho asikilize mazungumzo mezani. Mwanamume anasema, unasikia mvumo wa barabara. Inakatwa, mwanamke anajibu, mvumo umekwenda zake. Inakatwa, umerudi. Ni kama mtu anafungua na kufunga dirisha kila sentensi. Bajeti ilikuwa chini ya dola 10,000, lakini hilo halikutokana na uchache wa pesa. Dawa yake ni dakika moja ya kunyamaza.

Inafanywa hivi. Mmemaliza kurikodi onesho, hakuna kuondoka. Kila mtu asimame alipo, feni na friji zibaki kama zilivyokuwa, maiki ibaki ilipokuwa, rikodi sekunde 60 za kimya cha mahali pale. Hicho kimya hakiko kimya. Kina upepo wake, jenereta yake, kunguru wake. Kwenye kuhariri kitandaze chini ya onesho zima bila ya kukikata, kisha mazungumzo yaweke juu yake, na katika kila muungano sauti ya kwanza ipungue na ya pili ipande kwa fremu mbili au tatu. Mshono unazama.

Maiki ya simu peke yake usiitumie ukiwa mbali na mdomo zaidi ya nusu mita. Simu ya pili iwe ndiyo kinasa sauti: iweke mfukoni mwa shati, maiki ikitazama juu, au ifunge kwenye ufito mtu aishike juu ya kichwa nje ya fremu. Mwanzo wa kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera, ndipo utakapolinganisha picha na sauti. Ukiangalia mshale wa sauti, mazungumzo yacheze karibu na desibeli -12. Yakigusa sifuri yamepasuka, na iliyopasuka haishoneki. Upepo wa kusi ukiwa umeshika, kipande cha sponji kwenye maiki hakitoshi, valisha na kitambaa chenye manyoya juu yake, na mwigizaji apewe mgongo wa ukuta.

Adhana je? Mjini mwetu misikiti ni mingi na haianzi kwa sekunde moja, kwa hiyo adhana ndefu inaweza kukukuta katikati ya shoti. Ukikata mazungumzo yaliyorikodiwa chini ya adhana, adhana nayo inakatika, inaruka maneno. Hilo kwa mtazamaji wa hapa si kosa la ufundi tu, ni utovu wa adabu. Panga ratiba kwa saa za sala, usimamishe kazi dakika kumi na tano, mwenye kuswali aswali. Na kama hadithi inaitaka adhana, irikodi peke yake nzima, uitandaze chini bila ya kuikata.

---

Mzee_wa_Majestic:

Vijana wangu, mnahangaika na picha za Wazungu kama vile hapa Unguja hatukulelewa na picha la Kihindi. Nawapa yangu, na sibanduki: Ram Gopal Varma Ki Aag, 2007.

Kila mtu wa umri wangu anaijua Sholay, 1975, ya Ramesh Sippy. Mtazameni Gabbar, yule jambazi, anavyoingia. Kwanza husikii neno lake, unaona viatu vinatembea juu ya mwamba, mkanda wa risasi unaburutwa, unasikia chuma kinakwaruza jiwe. Watu wake watatu wamesimama, wamerudi wameshindwa. Kamera haina haraka. Bastola ina risasi sita, anafyatua tatu hewani, zimebaki tatu kwa watu watatu. Anaizungusha. Anawafyatulia mmoja mmoja, hakuna inayotoka, anacheka, wao wanacheka, genge zima linacheka. Kisha anawaua wote. Hapo umeshamjua adui ni nani, na steringi bado hajapigana naye.

Sasa Aag imechukua hadithi ileile ikaihamishia mjini Mumbai. Amitabh Bachchan, ambaye katika ya mwanzo alikuwa upande wa steringi, humu ndiye adui. Wazo si baya hata kidogo! Mohanlal ameshika nafasi ya Thakur, yule mwenye kisasi na adui. Kwenye Sholay, Thakur amekatwa mikono yote miwili, na ile shali anayojifunika imebeba siri nusu ya picha. Upepo unapoiondoa, sinema nzima inanyamaza. Kwenye Aag amekatwa vidole. Vidole! Mtu aliyekatwa vidole bado ana mikono. Silaha ya hadithi ilikuwa ni kwamba Thakur hawezi kushika kitu, kwa hiyo lazima akodi mikono ya wengine. Ukilipunguza jeraha umewaondoshea wale vijana wawili aliowakodi sababu ya kuwepo. Hilo ndilo kosa, limekaa kwenye skripti kabla kamera haijafunguliwa, na hakuna taa wala maiki ya kuliponya.

Na kamera yenyewe haitulii, inachungulia chini ya viti, inapita puani mwa watu, giza kila mahali. Gabbar alitisha mchana kweupe juani.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Delhi iliwatoza walioitengeneza rupia milioni 1 kwa kuivunjia Sholay haki zake. Mie naona wamesamehewa.

---

Dirisha_Kati:

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, Aag ni mbovu kwa sababu umeiweka kando ya Sholay. Mtu asiyeijua Sholay ataona picha ya majambazi iliyochosha, basi. Kwenye Bollywood mbovu inayosimama kwa miguu yake ni Gunda ya Kanti Shah, 1998, ya Mithun Chakraborty. Waovu wake wanajitambulisha kwa vina, mmoja baada ya mwengine, kama mashindano ya mashairi yaliyofanywa na walevi.

---

Mzee_wa_Majestic:

Marahaba mwanangu. Gunda usiitaje mbele ya Maalim, atakwenda kuwaonesha watoto wa watu. Maneno mle ndani hayasikilizwi na mama mkwe. Halafu inachekesha, na wewe mwenyewe unajua. Inayochekesha imeshamlipa mtazamaji fidia yake. Aag haikulipa kitu.

Na kuhusu "kando ya Sholay": aliyeiweka kando ni yeye aliyeirudia. Ukivaa kanzu ya babako, watu watakupima mabega.

---

Ngalawa_Jambiani:

Plan 9 hakuna aliyeigusa, naona mnaiogopa. Ni ya Ed Wood, imepigwa 1956. Mwigizaji Bela Lugosi alikuwa na vipande vichache vya kimya, akafariki Agosti mwaka huo, na nafasi yake akapewa tabibu wa mifupa, Tom Mason, mrefu kuliko yeye, anayetembea filamu nzima na joho limeziba uso. Visahani vya angani vinaonekana vimefungwa uzi. Yote hayo yanajulikana. Mie linalonikera ni jua. Mtu anakimbia makaburini usiku, inakatwa, ni mchana, inakatwa, usiku tena. Mbio hizohizo, mtu huyohuyo.

Kosa hilohilo lipo kwetu, tena lina pacha mbaya zaidi: maji. Filamu fupi za pwani zimejaa hili. Mwanamke anazungumza, nyuma yake bahari imejaa mpaka kwenye minazi. Mwanamume anajibu, nyuma yake ni mchanga mtupu na mashua imelala ubavu. Mtengenezaji kutoka mji wa mbali haoni. Mtazamaji wa Jambiani, Paje au Makunduchi anaona kabla ya kusikia neno, na kuanzia hapo haamini kitu.

Hesabu yake ni hii. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na robo hivi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Hayaendi mwendo mmoja: saa ya kwanza na ya mwisho yanajikongoja, saa ya tatu na ya nne yanakimbia karibu mita nzima kwa saa. Kwetu mashariki, ambako chini ni tambarare mpaka mwambani, mita moja ya kina ni mamia ya mita za ufukwe. Ukianza mazungumzo ya watu wawili katikati ya kupwa, ukampiga mmoja kwanza kwa saa nzima kisha ukamgeukia wa pili, umeshapata bahari mbili.

Kwa hiyo fanya hivi, Maalim. Onesho la ufukweni lipange siku za maji mafu, nusu ya mwezi, bahari inahama kidogo. Ikiwa lazima bamvua, fanya kazi nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kusimama. Pande zote mbili za mazungumzo zipigwe katika saa hiyo, sentensi mbili kwa huyu, mbili kwa yule, kamera ihame ihame. Inachosha, lakini inaokoa. Ukikosa kumaliza leo, kesho usirudi saa ileile. Rudi dakika 50 baadaye, maji yatakuwa pale ulipoyaacha, ila jua limesogea. Weka mti kwenye mchanga maji yanapogusa, upige picha ya mti kabla ya kila shoti. Hiyo ndiyo daftari yako ya mfuatano.

Jua nalo: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakaa utosini, macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Mwigizaji mwingize barazani, au mtandikie shuka jeupe miguuni mwake, mwanga urudi juu usoni.

Na ukitaka usiku wa uongo, fuata masharti ambayo Ed Wood hakuyafuata: anga isiingie kwenye fremu hata kidogo, jua liwe nyuma ya mwigizaji, mwanga wa kamera ushushwe hatua mbili, yaani ubaki robo, rangi ivutwe kwenye buluu. Njia rahisi zaidi ni baada ya magharibi. Lakini huku kwetu una dakika ishirini tu kabla ya giza, kwa hiyo mazoezi yote yawe yamekwisha, kilichobaki ni kubonyeza.

---

Sikio_la_Malindi:

Ongeza moja kwenye mwanga wa ndani. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo chini ya taa za bei nafuu utaona michirizi inapanda kwenye ukuta, na watu watadhani ni kirusi. Programu ya kamera ikikuruhusu, weka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Michirizi inaondoka, bure.

---

Karafuu_Wete:

Ahsanteni. Nimepanga upya.

Manos inaanza, nondo na polisi na sauti ya yule mtoto. Kisha Birdemic, kwanza bila ya picha, halafu na picha. Plan 9 nitaonesha mbio za makaburini peke yake, na siku ya pili tunakwenda ufukweni na mti wa Ngalawa. Cats dakika tatu, pete na ukubwa. Captain Alex nimeitoa kwenye mabovu. Inakwenda wiki ya tano, somo la mapigano, na nakala mbili katika nyumba mbili. Zoezi la geti lipo wiki ya tatu.

Mzee, Aag nimeikubali, lakini si kwa macho. Nitawapa muhtasari wa hadithi zote mbili kwenye karatasi, mikono kwa vidole, wajadili bila ya kuona hata shoti moja. Gunda haikanyagi Wete.

Kuonesha mbele ya wazazi siku ya mwisho ni jambo la hadhara, kwa hiyo BASSFU, baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu, nitakwenda kuwauliza mapema, orodha mkononi.

---

Balkoni_ya_Vuga:

Na Battlefield Earth?

---

Karafuu_Wete:

Dakika mbili. Skrini nitailaza upande mwengine, tuone kama inanyooka.

---

Mzee_wa_Majestic:

Haitanyooka. Na ile ya maji mafu iandikeni ukutani, vidole na mikono mtabishana wenyewe.